Chujio la Pamba

Tok. Kimya. Tok, tok.

Stephania alifumbua macho gizani, akatega sikio. Panya hagongi hivyo. Kilikuwa kikopo chake cha mafuta ya cherehani, kile cha bati chenye mdomo mrefu, ambacho ukikikandamiza kitako kwa kidole gumba hubonyea kisha kikarudi chenyewe kwa mlio. Kulikuwa hakujapambazuka, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na kule chumba cha mbele kulikuwa na mtu anaiba kwa adabu.

"Baba Faraja," aliita taratibu, asimwamshe mtoto. "Mafuta yangu hayo."

"Matone tu, mama. Huu waya wa eksileta unataka mafuta mepesi. Ya gereji mazito kama uji wa msibani."

"Na sare za kwaya nitazishona kwa mate?"

"Si wavae za mwaka jana? Nyimbo zenyewe si ni zile zile za mwaka jana?"

Stephania aliziba mdomo kwa kanga, kicheko kisitoke. Ndivyo alivyokuwa Jeremia: anachukua chako huku anakuchekesha, ukija kushtuka umeshamsamehe. Aliinuka, akawasha tochi ya simu, akaenda kumwangazia.

Pikipiki ilikuwa imesimama katikati ya chumba, baina ya cherehani na ukuta, imeegemezwa kwenye kigoda kwa sababu stendi yake ilikwisha kung'olewa. Ilikuwa pikipiki ya mbio, ya Kijapani, ya siku nyingi, injini ya silinda nne. Kabla yao ilikuwa mali ya marehemu Machibya, mnunuzi wa pamba, aliyeipanda misimu miwili akaanguka nayo, akaapa kutoigusa tena. Ikalazwa ghalani, magunia ya pamba juu yake, miaka ikapita. Wanawe walipotaka kufagia ghala walimwita Jeremia, fundi wao wa pikipiki za kawaida, wakamwambia aondoe ile takataka.

Watu huona pamba ni kitu kikavu. Si kweli. Pamba hunywa unyevu wa masika ikautunza kama siri. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu, panya walikuwa wamezaa ndani ya boksi la hewa, na rangi nyekundu ilikuwa imebabuka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Jeremia aliisukuma kutoka ghalani mpaka nyumbani, nyuma ya soko la Bariadi, na mtaa mzima ukatoka nje kumcheka.

"Fundi kaokota mzoga!"

"Mwulize kama huo mzoga una nundu!"

Mzoga ukainuka, lakini si kwa siku moja. Walitia kokoto na siki ndani ya tangi, wakalitikisa kwa zamu mpaka kutu ikatoka, na Faraja, aliyekuwa ameanza chekechea mwaka huo, akawa anaucheza ule mlio kama ngoma. Vitundu vya kabureta, vile ambavyo hata unywele unaona tabu kupita, alivizibua Stephania kwa uzi wa nailoni, maana vidole vya mumewe vilikuwa vinene. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, Jeremia alimbeba mkewe akazunguka naye uani, majirani wakitazama, na Stephania akawa anampiga piga mgongoni, "Niteremshe, una wazimu wewe," huku hataki kabisa kuteremshwa.

Ndipo ikaja habari ya Mustapha.

Mustapha alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza, kiongozi wa chama cha watu wanaoendesha pikipiki kubwa kwa starehe. Walikuwa hawataki tena kushindana barabarani na malori ya ng'ombe. Walikuwa wamekodi kiwanja cha zamani cha ndege, kule mbele ya Mkula, chenye lami, wakakipanga mapipa kuwa uwanja wa mbio. Na walikuwa wanafungua gereji. Mustapha alikuwa amemtamkia Jeremia waziwazi, mbele ya watu: "Sina haja ya vyeti. Lete mashine uliyoifufua mwenyewe. Ikimaliza mizunguko ya siku nzima, nafasi ya fundi ni yako."

Basi hilo ndilo lililokuwa limelala kwenye kile chumba, kubwa kuliko pikipiki yenyewe. Si mchezo tena. Ilikuwa kazi ya mshahara, nyumba yenye maji ndani, na Faraja kuingia shule nzuri. Stephania alikuwa ameshaishi Mwanza kichwani mwake mara nyingi, hata alikuwa ameshachagua dirisha la kuweka cherehani.

Lakini pikipiki ya barabarani haigeuki ya uwanjani hivi hivi. Jeremia alitoa taa, vioo, honi, akatoa na kiti cha nyuma. Boliti za oili alizitoboa vichwa akazifunga kwa waya, zisifunguke kwa mtikisiko. Vikanyagio alivisogeza juu na nyuma, ili mpandaji alale juu ya tangi kama mjusi. Mpandaji angekuwa Masele, mdogo wake, dereva wa bodaboda, mwepesi wa mwili na mwepesi wa maneno.

Kilichobaki ni chujio la hewa. La asili lilikuwa limeliwa na panya, na lingine halikupatikana popote.

"Tazama hapa," Jeremia alisema siku moja, akiwawekea simu mbele ya macho. "Hizi ni za mashindano, Ulaya huko. Unajua chujio lao limetengenezwa na nini? Pamba! Inalowekwa mafuta, basi. Inapitisha hewa kuliko karatasi. Sasa mtu wa Bariadi akose pamba?"

"Kaka, tumedhulumiwa," alisema Masele. "Wanainunua kwetu, wanailoweka mafuta, wanaturudishia. Kesho watatuuzia jua."

Stephania aliitazama ile picha kwa makini. "Hiyo imefumwa," alisema. "Ni kitambaa. Hiyo yako ya ghalani ni nyuzi tupu, zitavutwa ndani."

"Fundi cherehani kaingia gereji!" Masele alipiga makofi. "Shemeji, tupishe, nenda kapunguze suruali."

"Suruali yako nikiipunguza utatembea na nini? Miguu yenyewe kama ya korongo." Alisubiri kicheko kipite. "Nasema kweli, baba Faraja. Pamba isiyobanwa hutembea. Godoro lisilopigwa mshono katikati, baada ya mwezi pamba yote iko miguuni."

Jeremia alimtazama, akatabasamu lile tabasamu lake. "Basi ibane wewe."

Akaibana. Aliitandaza pamba nyembamba kama chapati, akaiweka baina ya vitambaa vya shashi, akaipiga mishono ya miraba midogo midogo. Upande unaoelekea injini aliongeza kitambaa kingine, kizito zaidi, akakishonea pembeni mara mbili kwa uzi ule ule wa nailoni. Alipomaliza alimwonyesha mumewe kwa kidole. "Huku usikuguse kamwe. Huku ndiko pamba inakozuiliwa. Kukiachia, inakwenda yote kwenye kabureta."

"Mkuu nimekuelewa," Jeremia alisema, akapiga saluti.

Siku ya mbio walikwenda kwa pikapu, pikipiki imefungwa kamba nyuma, Masele ameikumbatia, Stephania na Faraja mbele na kapu la chakula. Kiwanja kilikuwa cheupe kwa jua. Watu walikuwa wametoka Mkula, Lamadi, wengine na baiskeli, na wanawake wa ziwani walikuwa wamekuja na karai zao wakikaanga samaki pembeni mwa lami.

Kabla ya kuingia, kila pikipiki ilikaguliwa. Mkaguzi alivuta waya za boliti, akabonyeza breki, akafungua boksi la hewa, akatoa kile kimfuko cha pamba.

"Hiki nacho ni nini?"

"Chujio," alisema Jeremia, shingo imesimama. "Pamba ya Bariadi."

Mustapha akasogea, akakigeuza geuza mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, kofia ya kufuma kichwani. "Nani kashona?"

"Mke wangu."

"Mashallah. Mkono wa mashine." Akamtazama Stephania, akacheka. "Tutawaajiri wote wawili." Kisha akabandika karatasi ya njano kwenye kifuniko cha boksi, na sauti yake ikabadilika. "Fundi, sikiliza. Hapa ndio mwisho wa spana. Mtu akigusa mashine baada ya kukaguliwa, yeye si fundi wetu. Na mpandaji wake akiumia, chama hakimtibu. Tumeshazika mtu kwa sababu ya ujuaji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Mizunguko ya asubuhi haikwenda vizuri. Pikipiki ilikwenda, lakini kwenye sehemu iliyonyooka, pale wenzake walipofungulia, yenyewe ilikohoa. Hewa ilikuwa haitoshi. Kile kitambaa kizito kilikuwa kinaikaba koo. Masele alipitwa, akapitwa tena, na kijana mmoja wa Mwanza mwenye suti ya ngozi akapiga kelele: "Bariadi! Hiyo pikipiki au mashine ya kukoboa?"

Watu wakaangua kicheko. Stephania alimwona mumewe anacheka nao, na moyo ukamuuma, kwa sababu alivijua vicheko vyake vyote na hiki hakikuwamo.

"Inamaliza," alimwambia. "Hakusema uwapite. Alisema imalize."

"Najua."

"Basi acha wacheke."

"Nimesema najua, mama Faraja. Nenda kamnunulie mtoto samaki."

Akaenda. Palikuwa na foleni kwenye karai, na Faraja alitaka kichwa, kisha akakataa kichwa, akataka mkia. Waliporudi, Jeremia alikuwa nyuma ya pikapu anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Tulia sasa," alisema, bila kumtazama usoni. "Utaona."

Na kweli waliona. Mchana ule pikipiki ya Machibya iliimba. Ilitoka kwenye kona kama kitu kilichofunguliwa kamba, ikampita yule wa suti ya ngozi, ikampita mwingine, na watu wa Simiyu wakasimama wote, wanawake wakapiga vigelegele na miiko mkononi. Stephania alimnyanyua Faraja begani. Alikuwa analia kwa furaha. Kama angeulizwa dakika ile, angesema Mungu yupo na anaishi jirani.

Kisha, mwisho wa sehemu iliyonyooka, pale ambapo kila mara mlio ulishuka, mlio haukushuka.

Ulipanda. Masele alionekana akigeuza mkono kurudisha eksileta, mkono ukarudi, injini haikurudi. Akashika klachi, akachelewa. Pikipiki ikayafikia mapipa ikiwa bado inapiga yowe.

Mguu wa kulia ulivunjika juu ya goti. Alipokuwa akinyanyuliwa kuwekwa kwenye gari aliuma ukosi wa shati lake asilie mbele ya watu.

Stephania alikuwa amempa mtu amshike mtoto. Alijikuta amechuchumaa kwenye lami kando ya chuma kilichopasuka, anaokota kama mtu anayeokota vyombo vyake baada ya kijiji kuungua. Boksi la hewa lilikuwa limefunguka. Midomo ya kabureta ilikuwa na nyuzi nyeupe, nyingine zimeshuka ndani na kuzibana slaidi, vile vizibo vinavyopanda na kushuka kupimia injini hewa, zikakwama juu, wazi. Akakivuta kimfuko chake. Kile kitambaa kizito hakikuwapo. Akatazama pindo.

Uzi ukivutwa ukakatika, ncha yake huwa na manyoya na shimo la sindano hutanuka. Haya mashimo yalikuwa madogo vilevile kama alivyoyaacha. Uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe, pindo zima, upande mmoja tu. Upande wa injini.

Akakikunja kimfuko, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Mustapha alifika anahema. "Fundi, nini kimetokea?"

Jeremia alimtazama ndugu yake anaingizwa kwenye gari. Akaitazama karatasi ya njano, iliyokuwa imechanika pamoja na kila kitu, mtu asiweze kujua ni lini. 

"Mfuko wa chujio umeachia," alisema Jeremia. "Mshono."

Mshono. Neno lilifika Bariadi kabla yao.

Siku zile Masele alilazwa hospitalini, mguu umening'inizwa, madaktari wakisema anahitaji kupasuliwa Mwanza la sivyo atatembea kwa gongo maisha yake yote. Stephania alimpelekea uji kila siku. Masele alijitahidi kuwa Masele.

"Shemeji, ule uzi uliununua wapi? Nikipona nikamtafute mwenye duka."

"Kunywa uji."

"Sikulaumu. Nasema mbele za Mungu sikulaumu. Mtu hukosea." Akameza, akageuza uso ukutani. "Ila ungeweka hata mshono mmoja zaidi, shemeji. Mmoja tu."

Alirudi nyumbani akitembea kama aliyepigwa. Na mlangoni alimkuta Matilda wa kwaya, amesimama na mfuko mtupu, anatazama chini.

"Si kwamba nina shaka na wewe, dada. Wenzangu tu wamesema vitambaa tuvichukue. Wanasema sare zikiachia madhabahuni itakuwa aibu."

Stephania akampa vitambaa vyote, vimekunjwa vizuri, na vile alivyokwisha kukata, na vifungo kwenye karatasi yake.

Jioni, Faraja akiwa anacheza kwa jirani, alimwekea Jeremia maji ya kuoga, kisha akaweka na kile kimfuko juu ya kigoda.

Jeremia alikitazama. Hakuuliza ni nini.

"Nilitaka uniambie mwenyewe," alisema Stephania. "Nimesubiri. Kila ukifungua mdomo nasema, sasa."

"Ilikuwa inakohoa. Walikuwa wanatucheka."

"Nilikwambia huku usiguse."

"Nilijua itashika kwa mizunguko michache. Mafuta yangeishikilia pamba." Alikaa chini, mikono yake minene imeanguka mapajani. "Nikisema nilikata, gereji imekwenda. Na chama hakimtibu Masele. Ulimsikia Mustapha kwa masikio yako. Ukiwa ni mshono, ni ajali tu. Ajali wanalipa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Watu wa kwaya watasahau. Mwaka ujao watarudi. Fundi pikipiki akisemwa kamvunja ndugu yake, nani atampa spana?"

"Na mimi nani atanipa kitambaa?"

Jeremia aliinua uso, na lile tabasamu lake likajaribu kuja, la kuomba radhi na kuchekesha kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Stephania alitamani lisije.

Mama mkwe alifika kutoka Migato siku mbili baadaye, kuku mkononi, miguu imejaa vumbi. Watu humwita Ng'wana Salu. Alikuwa mwanamke mkavu, mkulima wa pamba tangu utoto, ambaye mishono ya magodoro ya nyumba nzima ya ukoo ni yake. Stephania alimpigia magoti, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikiwa, akampa maji. Kisha, kabla ya mtu mwingine kuingia, akamwekea kimfuko mapajani.

"Mama, wewe umeshona maisha yako yote. Niangalizie."

Bibi alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alipitisha kucha kwenye pindo, tundu kwa tundu. Alikaa nacho muda mrefu, mgongo ameugeuza. Alipogeuka alikuwa amezeeka.

"Mayu wane, mama yangu," alisema. "Jeremia."

Stephania akamsogelea. Sasa walikuwa wawili wanaojua. Alifikiri huo ndio mwanzo wa haki.

Bibi akatoka uani, akainama kwenye mafiga, akakisukumia kimfuko chini ya sufuria. Pamba yenye mafuta haichelewi. Ililipuka mara moja, moto wa njano, ikaisha.

"Mama!"

"Ninao wana wawili," alisema bibi, bado anautazama moto. "Mmoja amelala, mmoja amesimama. Ukisema kweli, aliyesimama anaanguka, na aliyelala haamki tena. Ukinyamaza, wewe unainama tu. Kuinama si kuanguka, ng'wanone, mwanangu."

"Kama angekuwa binti yako, mama, ungemwambia ainame?"

Ng'wana Salu alikusanya nguo yake, akateremsha goti moja, kisha la pili, chini penye majivu, mbele ya mke wa mwanawe. Mkwe kumpigia magoti mkaza mwana! Stephania alitazama huku na huku kama mtu aliyevuliwa nguo, akamshika mabega, "Inuka, mama, watu wanaona, inuka," na bibi akawa mzito kama gunia lililolowa, hainuki, mpaka Stephania aliposema, "Nimesikia."

Mustapha alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti kizuri, chupa ya soda mkononi, kofia ameivua kwa heshima. Chumba kilikuwa kipana ajabu bila pikipiki. Jeremia alikaa kando yake, shati limepigwa pasi. Bibi kwenye mkeka. Majirani wawili watatu wamesimama mlangoni kana kwamba wanapita tu. Faraja alikuwa chini ya cherehani, penye kivuli, na vipande vyake vya nguo.

"Masele nimeonana naye," alisema Mustapha. "Kijana ana moyo. Kaniambia hana kinyongo na mtu. Wenzangu wako tayari, kesho akitaka Mungu tunampeleka Mwanza. Na fundi hapa," akamgusa Jeremia goti, "injini ile niliisikia. Mkono anao. Lakini mimi nasimamia pesa za watu, siwezi kubeba maneno ya upande mmoja. Nimekuja kusikia kwa mwenye kushona." Akamgeukia. "Shemeji, uniwie radhi. Lile chujio lilikuwa la kwako?"

"La kwangu."

"Na mshono uliachia?"

Kuku wa bibi, aliyefungwa mguu kwenye mlango wa jikoni, alikuwa anaparua sakafu. Stephania alimtazama mumewe. Jeremia alikuwa amemkodolea macho, na ndani ya macho yale aliuona mguu wa Masele, na dirisha lake la Mwanza, na kitu kingine ambacho hakuwahi kukiona humo kabla, kidogo na baridi: alikuwa ameshapiga hesabu kwamba atakubali.

"Uliachia," alisema.

Bibi aliinamisha kichwa. Mlangoni mtu alisema "Ee" kwa sauti ya kuridhika.

"Basi ni kudra," alisema Mustapha kwa upole. "Usijitese, shemeji. Ila siku nyingine mambo haya tuwaachie mafundi."

Ingeweza kuishia hapo. Stephania alikuwa amejiandaa iishie hapo. Lakini Jeremia, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza, ambaye kila kitu alikwisha kupewa, alitikisa kichwa kwa masikitiko na kusema, "Nilimwambia atumie uzi wa nailoni."

Stephania hakuinua macho. Alihisi tu mikono yake imekuwa mizito, kana kwamba imewekwa pale mapajani na mtu mwingine akasahau kuja kuichukua.

Faraja akatoka chini ya cherehani. Alisimama katikati ya chumba, pale pikipiki ilipokuwa, akamtazama yule mgeni mnene usoni bila woga.

"Mama yangu anashona vizuri," alisema.